Jenerali Aliyenisamehe Kosa Lake

Vijana wa ofisi mmeniomba niandike jinsi kazi ya mandubu ilivyokuwa kabla ya kompyuta, na mmenipa sharti nisizungumzie vyeo. Sharti jepesi. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na siku ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Lakini najua mnachokitaka hasa. Mmesikia hadithi ya mandubu aliyemsingizia mtu utoro, kisha akasamehewa na Jenerali mbele ya watu, na baadhi yenu huisimulia mkiwa na vikombe vya chai mkononi, mkinitazama kwa pembeni. Basi mandubu huyo ni mimi, na leo nitaieleza ilivyokuwa.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi yetu huku kwa Waomani, mandubu ni mtu ambaye kampuni humtuma serikalini. Hubeba pasipoti za wafanyakazi, fomu, picha na barua, husimama foleni idara ya kazi, uhamiaji na hospitali ya kupimia damu, kisha hurudi na muhuri. Akirudi bila muhuri hakufanya kazi, hata kama alisimama tangu alfajiri. Mke wangu miaka ya mwanzo aliwaambia majirani kwamba mumewe ameajiriwa kungoja.

Aliyenifundisha ni Mzee Nassor, mandubu wa kampuni kabla yangu, mzaliwa wa Unguja kama mimi, mtu mfupi ambaye kanzu yake haikuwahi kuwa na mkunjo. Siku ya kwanza alifungua mkoba wake akanionyesha kitu kimoja kimoja: stepla, gundi, kalamu ya buluu na kalamu nyeusi kwa kuwa kila dirisha lina rangi yake, nakala tatu za kila karatasi, na kofia ya akiba. Nikamuuliza kofia ya nini. Akasema karani hutazama kichwa kabla ya karatasi, na kofia yenye jasho inamwambia kwamba una haraka, na mwenye haraka huambiwa arudi kesho. Alinifundisha kumuuliza karani hali ya mama yake kabla ya kutoa fomu, na kuuliza kwa dhati, maana karani anawajua wanaomuulizia mama kwa ajili ya muhuri. Na alinifundisha jambo moja alilolirudia mpaka likanichosha: soma tarehe kabla hujasoma jina. Jina likikosewa, alisema, watu watacheka na utalirekebisha. Tarehe ikikosewa, ujue kuna mtu anadanganya.

Nilishika yote isipokuwa hilo la mwisho. Nilikuwa kijana, nina gari la kampuni, na katika miaka mitano sikurudi hata mara moja na karatasi isiyo na muhuri. Niliringa kwa hilo. Mandubu wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikipelekewa karatasi ya kufungia maandazi nitairudisha imepigwa muhuri, na mimi, juha, nikaona nasifiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni yetu ya ulinzi, yenye yadi yake Rusayl, ikapata mkurugenzi mpya. Alikuwa meja jenerali mstaafu wa jeshi la India. Wenye kampuni walifurahi sana, nadhani kwa sababu hawakuwahi kuwa na jenerali. Nilimpokea uwanja wa ndege akiwa na masanduku saba, na matatu kati ya hayo yalikuwa picha zake zilizotiwa fremu, kila moja amesimama na mtu mkubwa kuliko yeye. Nilimfanyia karatasi zake za ukaazi mwenyewe. Pale penye kazi nikaandika mkurugenzi. Akaniamuru niongeze neno jenerali. Nikamweleza kwamba fomu haina nafasi ya cheo cha jeshi la nchi nyingine. Akaitazama fomu, akasema ni fomu mbovu.

Amri yake ya kwanza ilikuwa gwaride. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi walinzi wote wa zamu walijipanga yadini, akapita mbele yao kuwatazama viatu. Walikuwa Wabaluchi, Wapakistani, Waomani wachache, na wanawake kutoka Tanzania na Kenya waliokuwa wakiwapekua wanawake kwenye malango ya viwanda vya nguo. Mimi niliamriwa nisimame kando nifasiri, kwa kuwa najua Kiingereza, Kiarabu, Kiswahili na Kihindi cha sokoni. Nilimwambia mandubu si askari. Akanijibu kwamba kila mtu ni askari, ila wengine hawajaambiwa. Nikafasiri hata hilo.

Ndipo tulipoisikia hadithi ya kilima. Alipokuwa kapteni, Jenerali na askari wake wachache waliwekwa juu ya mlima wenye theluji, wakaambiwa walinde mpaka waje wa kuwapokea. Wa kuwapokea hawakuja. Wakakaa siku tatu, chakula kikaisha, na hawakurudi nyuma hata hatua moja. Sina sababu ya kusema ni uongo. Huenda ndilo jambo kubwa alilowahi kulifanya, na lilikuwa kubwa kweli. Ila mwaka wa pili siku zikawa nne. Mwaka wa tatu zikawa tano na vidole viwili vya mguu vikagandishwa na baridi, vikakatwa. Mimi niliyemwona amevaa malapa nyumbani kwake nilivihesabu vidole vyote kumi, lakini kazi yangu ilikuwa kufasiri, nikafasiri kwamba vilipotea. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu alikuwa na ngoma moja tu.

Nisimdhulumu lakini. Katika kilima kile alitoa kanuni moja nzuri akatuletea. Mlinzi haondoki lindoni mpaka apokelewe. Anayeondoka husema neno, anayeingia hujibu neno, na mpaka maneno mawili hayo yasemwe, lindo ni la yule yule wa kwanza, hata mvua ikinyesha mawe. Akaniambia niwatafutie maneno hayo kwa Kiswahili. Nikawatafutia: "Lindo ni lako," na jibu lake, "Nimelipokea." Wale wanawake waliyapenda. Walikuwa wakiambiana hata wanapopishana mlango wa choo, wakacheka, lakini lindoni hawakuyachezea.

Nje ya yadi Jenerali alikuwa mtu mwingine, au tuseme yule yule mwenye wasikilizaji wengi zaidi. Haukupita muda akawa mgeni rasmi wa kila kitu. Wahindi wenzake wakifungua maonyesho ya sari, yeye ndiye mkata utepe. Mashindano ya kriketi, yeye ndiye mtoa kikombe. Mdahalo wa wanafunzi, yeye ndiye msema la mwisho, na la mwisho lake lilichukua dakika arubaini. Aliandika barua kwenye gazeti la Kiingereza akiwalaumu vijana kwa kutopiga viatu rangi. Mimi ndiye niliyepeleka picha zake gazetini, nakala nne kila mara, kwa kuwa aliamini wahariri huzipoteza kwa makusudi. Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi alikuwa akilindwa na kampuni nzima, na malango yakalindwa na waliobaki.

Sasa nije kwa Neema. Alikuwa binti wa Songea, Mkristo, mwembamba, mwenye kusema pole pole, na alikuwa mlinzi wa wanawake kwa mwaka wa pili. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa na mtoto wa kike aliyeanza shule, na wote wawili walikuwa wakimtegemea yeye. Kazi yake wakati ule ilikuwa kulinda bweni la washonaji huko Ansab, jengo la ghorofa mbili ambalo wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Washonaji wenyewe walikuwa wamekwenda kwao likizo kiwanda kilipofungwa kwa ukarabati, wakaacha vitu vyao vyumbani, kwa hiyo bweni lilikuwa tupu na mlinzi alikuwa mmoja tu kwa zamu.

Wiki hiyo Jenerali alikuwa akitunukiwa ngao na jumuiya ya watu wake katika hoteli moja mjini, siku ya Alkhamisi. Alitaka gwaride la heshima la walinzi kumi na wawili, wanaume sita na wanawake sita, wenye glovu nyeupe. Wanawake waliokuwa hawana zamu walikuwa watano. Wa sita akamtoa kwenye zamu mpaka Jumapili: Zuhura, msichana wa Tanga, ambaye Alkhamisi asubuhi alipaswa kwenda Ansab kumpokea Neema. Niliwabeba mimi kwa basi dogo la kampuni, na glovu zao ndani ya boksi. Nilipomwona Zuhura nikamuuliza Jenerali nani atakwenda Ansab. Akasema orodha ya zamu itapangwa upya. Nikaridhika. Kupanga zamu hakukuwa kazi yangu, na mtu akiniuliza leo nitasema bado haikuwa kazi yangu, ila silisemi tena kwa sauti kubwa.

Orodha haikupangwa upya. Karani wa zamu alikuwa na mtindo wake wa kuweka alama za vema za wiki nzima tangu Jumamosi, apunguze kazi, na Jenerali aliupenda mtindo huo kwa sababu orodha ilionekana safi. Kwa hiyo kwenye karatasi Zuhura alikuwa amempokea Neema Alkhamisi asubuhi, Neema amempokea Zuhura jioni, na Ijumaa vivyo hivyo. Kwenye karatasi, Jumamosi asubuhi Neema alikuwa amemaliza zamu na kuja yadini kwenye gwaride. Jina lake likaitwa mara tatu. Hakuitika.

Jenerali alifurahi kidogo, Mungu anisamehe, niliiona furaha ile. Ulikuwa mwezi ambao kampuni kadhaa zilikimbiwa na wafanyakazi wao, na yeye alikuwa amesema kwenye hotuba ya Alkhamisi kwamba kwake hakimbii mtu, na akikimbia atajulikana siku hiyo hiyo. Akatuma mtu kutazama chumba cha Neema kwenye nyumba ya walinzi. Wenzake wakasema kitanda chake hakijalaliwa tangu Jumatano. Hilo likamtosha. Akaandikisha taarifa ya utoro, na kwa kuwa utaratibu ulitaka mtu awe amekosekana kwa siku fulani kabla ya kuripotiwa, akaweka tarehe ya kutoroka iliyorudi nyuma kadiri alivyohitaji. Akanikabidhi saa moja na nusu.

Niliisoma? Nilisoma jina. Nikasikitika dakika mbili, nikasema watoto wa siku hizi, nikaingia garini. Tarehe ilikuwa pale pale, imeandikwa kwa kalamu nyeusi, na ilisema Neema alitoroka siku ambayo mimi mwenyewe nilimpelekea Ansab chupa ya maji ya kunywa. Ningeisoma ningeshituka. Idara ya kazi nilifika wa nne kwenye foleni, nikabadilisha kofia, nikamuuliza karani hali ya mama yake. Saa nne kasorobo nilikuwa nimeshapata muhuri. Wenzangu walikuwa bado wamesimama na nikawapungia mkono nikitoka.

Hamjui muhuri ule ulikuwa na maana gani, kwa hiyo nitawaambia. Mtu akishaandikwa mtoro, pale polisi watakapomkuta popote, hata sokoni na kikapu chake, anakamatwa, anasafirishwa, na anazuiwa kurudi. Neema angerudi Songea na begi moja, na mlango ungefungwa nyuma yake.

Nikiwa njiani kurudi nikapitia Ansab, maana Jenerali alitaka funguo za bweni zichukuliwe kabla mtoro hajarudi kuzichukua akaziuza. Nikasimamisha gari mbele ya jengo. Neema alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mgongo umenyooka, sare yake imefungwa vifungo vyote, midomo imekauka. Aliponiona akasimama, akashika ukuta kwanza.

"Shikamoo, baba," akasema. "Umekuja kunipokea?"

Marahaba nikaisahau. Nikamuuliza yuko hapo tangu lini. Tangu Jumatano jioni, akasema. Zuhura hakuja, na alikuwa na wasiwasi Zuhura kapatwa na nini. Mama mmoja Mwomani wa nyumba ya mbele alikuwa akimletea wali na samaki, na aliwapigia simu ofisini kwa niaba yake Alkhamisi na Ijumaa. Simu ililia katika ofisi tupu, kwa kuwa sote tulikuwa hotelini, na Ijumaa ilikuwa mapumziko. Alikosa kanisa la Ijumaa, siku wanayosali Wakristo wa huku, akaniambia, kana kwamba hilo ndilo la kuniomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakuondoka.

"Niondokeje baba, na sijapokelewa?" akasema. "Si wewe mwenyewe uliyetufasiria?"

Karatasi yenye muhuri ilikuwa mkobani, chini ya kwapa langu. Sikumwonyesha. Mimi mwanamume nisingeweza kulipokea lindo la bweni la wanawake, kwa hiyo nikaendesha mpaka nyumba ya walinzi, nikamtoa Zuhura kitandani, nikamleta. Walisemezana yale maneno mawili mlangoni na Zuhura alikuwa analia. Neema alilala garini kabla hatujafika barabara kubwa. Sina aibu kusema kwamba nililia na mimi, nikafuta uso kwa kofia ya akiba.

Nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Jenerali angeshituka, angeandika barua ya kuifuta taarifa, nami ningeirudisha dirishani mchana ule ule. Nikamkuta ofisini anapanga pa kuitundika ngao mpya. Nikamweleza yote, pamoja na Zuhura, glovu na zile alama za vema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema afisa hafuti amri yake, kwa kuwa akiifuta mara moja, askari watangoja ifutwe kila mara. Neema angepaswa kutumia akili yake akaondoka.

"Bwana mkubwa," nikamwambia, "amefanya ulilofanya wewe mlimani. Hakupokelewa, hakuondoka."

"Mimi nilikuwa na adui mbele yangu," akasema. "Yeye alikuwa na nini?"

Alikuwa na wewe nyuma yake. Sikulisema. Nimelisema mara nyingi tangu siku hiyo, nikiendesha gari peke yangu, na kila mara linatoka vizuri.

Akaiegemeza ngao ukutani, akaniambia ipo njia. Kampuni inaweza kuandika kwamba taarifa ilipelekwa kwa kosa la mandubu: alichanganya majina, akapeleka karatasi ambayo haikupaswa kutoka. Mandubu atie saini, mkurugenzi aidhinishe. Hivyo msichana atasafika, na amri itakuwa haijafutwa, maana haikuwahi kutolewa. Alilisema hilo kwa upole kabisa, kama mtu anayenipunguzia kazi.

Nikaenda kwa Mzee Nassor, ambaye alikuwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake huko Qantab. Nilikwenda nikitaka aniambie nisitie saini. Alikuwa amemfundisha kila mandubu wa mji huu kwamba mandubu habebi kosa la karatasi. Nikamweleza, naye akaniuliza swali moja tu.

"Uliisoma tarehe?"

"Sikuisoma."

"Basi nusu ya kosa ni yako, mwanangu. Saini kwa nusu hiyo."

Nikamuuliza na nusu ya pili je. Akasema nusu ya pili ina mwenyewe, ila nisikae mlangoni kumngoja aje kuichukua. Akanimiminia kahawa, tukazungumza mambo ya watu waliokufa Unguja.

Barua nikaipiga taipu mwenyewe, kwa kuwa kosa lako usimpe mtu mwingine aliandike. Jumapili asubuhi nikasimama dirisha lile lile. Karani yule, ambaye nilikuwa nikimuuliza hali ya mama yake kwa miaka mitano, naye ni mtu wa asili ya kwetu, aliisoma mara mbili. Kisha akaacha Kiarabu.

"Weye, Suleiman?"

"Mie."

Akapiga muhuri. Neema akafutiwa utoro siku ile ile. Nami kadi yangu ya umandubu ikazuiwa kwa miezi kadhaa, nikakaa yadini Rusayl nikitoa nakala za karatasi ambazo wengine walizipeleka. Niliporudi madirishani wenzangu wakawa wamenipa jina la Mtoroshaji. Walilitamka kwa mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo hayaishi. Mke wangu peke yake ndiye niliyemweleza kweli. Alinisikiliza akikuna nazi, akasema kumbe mtu anaweza kulipwa kwa kungoja na bado akawa na haraka.

Ningeweza kuyasahau yote hayo. Lakini mwaka uliofuata, kwenye chakula cha kampuni, Jenerali alipomaliza kilima, ambacho kilikuwa kimefika siku sita, akaongeza hadithi mpya. Kiongozi, akasema, lazima ajue kuadhibu na ajue kusamehe. Alikuwa na mandubu mwaminifu aliyefanya kosa kubwa, karibu amwangamize msichana asiye na hatia. Wengine walimshauri amfukuze. Yeye alimsamehe. Akaniita nisimame. Nikasimama. Watu wakapiga makofi, wake zao wakanitazama kwa huruma, na Jenerali akanishika mkono huku mpiga picha akitupigia. Wiki iliyofuata niliipeleka picha hiyo gazetini, nakala nne, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mkinionea huruma hapo, subirini. Alinisamehe kwenye kriketi. Alinisamehe kwenye mdahalo wa wanafunzi. Alinisamehe katika kitabu chake cha uongozi, ukurasa mzima, akakosea jina langu. Na kwa kuwa mara nyingi nilikuwa mfasiri, nilikuwa nikijifasiria msamaha wangu mwenyewe kwa Kiarabu, na ilibidi nichague maneno mazuri. Hata siku alipoagwa, miaka ya elfu mbili ilipokuwa imeshaanza, alinisamehe mara ya mwisho, akalia. Alilia kweli. Nilimtazama nikatambua kwamba ameshaiamini, na tangu hapo nikaacha kumchukia, nikabaki kumdharau, ambako hakuchoshi kama chuki.

Akarudi kwao akagombea ubunge, akashindwa, akaenda kwenye televisheni. Walinzi wa Kihindi walimwona kwenye dishi la kantini wakaniita nije. Alikuwa amekaa na watu wengine watano, wote wakisema kwa pamoja, akitaka vita vianzishwe kabla ya Jumatatu. Mtangazaji alimwita shujaa wa kilima. Siku zilikuwa tisa. Mlinzi mmoja Mbaluchi akasema theluji ile mpaka leo haijayeyuka.

Neema hakusema nami lolote kuhusu mambo yale. Sikujua kama anajua. Alipanda kazini taratibu, mtoto wake akasoma, mama yake akafariki naye akaenda kumzika na akarudi, na nilimfanyia karatasi za safari ile kwa siku moja, tarehe nikazisoma mara tatu. Kila asubuhi langoni alinipa shikamoo yangu nami nikaitika, basi.

Wiki iliyopita mkanifanyia keki. Mkurugenzi wetu wa sasa, kijana mwenye adabu, akasema katika kazi yangu yote nilikosea mara moja tu, na hata hapo nilikuwa na bahati ya kuwa na mkubwa mwenye moyo. Mkapiga makofi. Sikuona sababu ya kumharibia keki yake. Nikachukua saa ya ukutani mliyonipa, nikautia mkoba kwapani, nikaelekea langoni.

Neema alikuwa zamu, msimamizi wa walinzi wa kike sasa, na nywele zimeanza mvi. Aliponiona akasimama katikati ya njia, visigino pamoja kama tulivyofundishwa.

"Baba, hapa hutoki bila kupokelewa."

Nikacheka nikamwambia mie mandubu, sikuwahi kuwa na lindo.

"Ulikuwa nalo," akasema. "Zuhura aliniambia siku ile ile ni nani aliyemtoa kwenye zamu. Nilikuwa nangoja wewe useme, na wewe ukanyamaza miaka ishirini na miwili. Yule wa mlimani alikaa siku tatu."

Nilitafuta la kumjibu kwa lugha zangu zote nne. Nikaona neno ni moja, na nilikuwa nimelitafuta mwenyewe zamani. Nikamwambia, "Lindo ni lako."

"Nimelipokea," akasema, akatoka njiani. "Nenda nyumbani, baba."

Nikaenda nyumbani.